Siku moja kwa watu wa maji

Katika kurasa hizi mmekwisha kusoma habari za safari nyingi: za Roma, za Lourdes, za Nchi Takatifu. Leo tunataka kuwapeleka mahali ambapo wachache hupataja, yaani nchi ya Kambodia, katika Asia ya kusini-mashariki, kwenye vijiji vya mto uitwao Tonle Sap. Tulikuwa wawili, padri mmoja na mwalimu mmoja, mwezi wa Januari mwaka 2017. Kazi iliyotupeleka Asia si lazima kuieleza. Ilikuwa imekwisha, na kabla ya ndege yetu ilibaki siku moja nzima. Tulikuwa tumesikia ya kwamba katika ziwa la huko liko kanisa linaloelea majini, nalo huhama pamoja na kijiji chake. Tukasema: hilo lazima tulione.

Kiongozi tuliyempata alikuwa Mkhmer wa miaka hamsini, mtu wa dini ya Buda. Kifaransa chake alijifunza akiwa kijana katika kambi ya wakimbizi mpakani mwa Thailand, wala hakikuwa kibaya kupita chetu. Tulipomwuliza jina alisema, "Niiteni Pu." Pu maana yake baba mdogo. Wakhmer hawapendi kumwita mtu mzima kwa jina tupu; huyu ni kaka, yule ni dada, mwingine ni nyanya, hata kama hamkuzaliwa nyumba moja. Desturi hiyo ilitupendeza sana. Tulijiona tumefika kwa watu wenye adabu tunayoijua.

Tulisoma Misa usiku, tukaondoka mjini Phnom Penh saa kumi ya alfajiri. Njia yaelekea kaskazini, na baada ya kilometa tisini hivi mnafika Kampong Chhnang. Pu alituambia maana ya jina hilo ni bandari ya vyungu. Kweli, mbele ya kushuka mtoni alitupeleka kwanza katika kijiji cha Andong Russei, kwenye nyumba za wafinyanzi. Nyumba zote zinasimama juu ya nguzo ndefu, na kazi hufanyika chini yake kivulini, kati ya kuku na baiskeli. Tulimkuta mama mmoja ameweka udongo wake juu ya kigogo. Kigogo hakizunguki, wala chungu hakizunguki. Ni mama mwenyewe anayezunguka. Mkono mmoja umo ndani ya chungu umeshika jiwe la mviringo, mkono wa pili unapiga nje kwa kibao, naye anatembea polepole, hatua kwa hatua, duara baada ya duara. Tulijaribu kuhesabu mizunguko, tukaacha. Vyungu huchomwa nje, chini ya majani makavu ya mpunga, pasipo tanuri. Mwalimu wetu, ambaye mama yake alikuwa mfinyanzi, alisimama pale muda mrefu pasipo kusema neno.

Tulinunua chungu kimoja chenye kifuniko. Pu ndiye aliyetafuta bei. Tulilipa riel 20,000, maana yake dola tano. (Huko, kama kwetu Kongo, mtu hushika dola mkono mmoja na pesa ya nchi mkono wa pili.) Kikumbukeni chungu hicho, kwa maana kitarudi katika habari hii.

Jua lilipochomoza nyuma ya mivumo tulikuwa tumeketi katika mashua ya mama mwenye kofia ya majani iliyochongoka. Alisimama nyuma, akasukuma makasia mawili yaliyopishana kama mkasi. Mara tukaingia barabara ya kijiji, isipokuwa barabara yenyewe ilikuwa maji. Nyumba zote zinaelea. Nyingine zimefungwa juu ya mitungi mikubwa ya chuma au ya plastiki, nyingine juu ya mafungu ya mianzi. Kila nyumba ina kibaraza, na juu ya kibaraza mna maisha yote: mtu anajipiga mswaki, mtoto analia, mama anapanga samaki wa kukausha, kuku wamefungiwa tunduni, maua yamepandwa katika bati la zamani. Duka linapita katika mtumbwi, likiuza mboga na barafu. Tulimwona mtoto wa miaka sita labda, ameketi ndani ya karai la kufulia, anapiga kasia peke yake kwenda kwa jirani, na uso wake ulikuwa na uzito wa mzee anayekwenda barazani.

Hapa ni lazima tueleze mto huu, kwa kuwa si kama mito mingine. Tonle Sap unatoka katika ziwa kubwa lenye jina hilo hilo, unashuka hata Phnom Penh, na huko unakutana na mto Mekong. Hivyo ndivyo inavyokuwa nusu ya mwaka. Lakini mvua zinapoanza, kama mwezi wa Juni, Mekong hujaa mno, hata maji yake yanausukuma Tonle Sap nyuma, nao unageuka na kupanda kwenda ziwani. Ndiyo, mto mzima unarudi ulikotoka! Ziwa ambalo wakati wa kiangazi lina kilometa za mraba kama 2,500 tu, likijaa hupita 15,000, na kina chake, ambacho ni kama meta moja tu, hupanda hata meta tisa. Wenzetu wa Kalemie na Uvira watacheka wakisikia kina cha meta moja, kwa sababu Tanganyika ina meta 1,470. Lakini maji hayo machache yana samaki ajabu. Mwitu wote wa kando hufunikwa, na samaki huingia kati ya miti kula na kukua. Halafu mwezi wa Oktoba au Novemba mto hugeuka tena, maji yanashuka, samaki wanashuka nayo, na wavuvi wanangoja. Watu hufanya sikukuu kubwa ya kushindana kwa mitumbwi mjini Phnom Penh. Nyumba zinazoelea, basi, si mchezo wala umaskini mtupu. Pwani inayosogea kilometa nyingi kila mwaka inamtaka mtu asogee nayo.

Tulipokuwa tukistaajabia hayo, kasia la mama likashikwa na majani. Mtawanyiko wa majani ya kijani yenye ua la zambarau ulikuwa umeziba njia, na sisi wawili tulitazamana tukacheka: yalikuwa yale yale yaliyoujaza mto Kongo katika miaka ya 1950, ambayo watu wa mto waliyaita Kongo ya Sika. Kumbe adui wetu amefika hata huku. Mama yule alitumia kisu akayakata, pasipo haraka. Pu alisema watu wengine huyakausha na kuyasuka vikapu.

Tulimwuliza Pu, watu hawa wa kijiji ni wa kabila gani. Alijibu neno moja tu: "Yuon." Ndilo jina ambalo Wakhmer wengi huwapa Wavietnam, na baadaye tulijua ya kuwa wenyewe hawalipendi. Tukauliza kama walikuja zamani. Pu alitazama maji. "Wamekuja, wanakuja, watakuja," alisema. "Samaki wanakwisha, na nchi itakwisha."

Alikuwa mtu mpole tangu alfajiri, na sauti ile haikuwa ya asubuhi. Sisi tuliotoka mashariki ya Kongo tulinyamaza. Maneno ya namna hiyo tumekwisha kuyasikia kwetu, yakielekezwa kwa watu wengine, na tumeona kazi yake. Lakini tulikuwa wageni katika mashua ya mtu, na mama mwenye makasia, ambaye kwa kofia yake na usemi wake alikuwa mmoja wa hao waliotajwa, aliendelea kupiga maji nyuma yetu. Kama alisikia neno lile, hatujui. Neno lenyewe bila shaka alilijua.

Karibu na saa nne tuliacha mto, tukashika njia ya kaskazini tena, kwenda Krakor katika jimbo la Pursat. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Katika mwendo huo tulisomeana kidogo habari za Eklezia ya nchi hii, nasi tutazisema hapa kwa ufupi, kwa kuwa bila hizo hamtaelewa kanisa la majini.

Injili ilifika Kambodia na mtawa mmoja wa Ureno, Padri Gaspar da Cruz wa shirika la Mtakatifu Dominiko, karibu na mwaka 1555. Hakukaa sana. Baada yake wakristu waliongezeka polepole, na wengi wao hawakuwa Wakhmer, bali Wavietnam, baadhi yao wakikimbia mateso ya dini kwao, wengine wakifuata kazi wakati wa utawala wa Wafaransa. Kabla ya 1970 wakatoliki walikuwa kama 65,000, walio wengi Wavietnam. Mwaka ule wa 1970 serikali iligeuka na watu wakawageukia Wavietnam. Maiti zilionekana zikielea katika Mekong, na kama watu laki mbili walirudishwa Vietnam. Halafu, tarehe 17 Aprili 1975, Khmer Rouge waliingia Phnom Penh. Siku tatu mbele, padri Mkhmer, Yosefu Chhmar Salas, alikuwa amepewa uaskofu kwa haraka, kwa sababu kila mtu aliona saa inakuja. Alipelekwa mashambani kama wengine wote, akafa mwaka 1977 mahali paitwapo Taing Kok, kwa njaa na ugonjwa. Kanisa kubwa la Phnom Penh lilibomolewa, halikubaki jiwe juu ya jiwe. Katika miaka mitatu na miezi minane watu kama milioni moja na laki saba walikufa. Misa ya kwanza mbele ya watu wote baada ya hayo ilisomwa Pasaka ya mwaka 1990. Tangu 2015 kesi ya kumtangaza Askofu Salas na wenzake kuwa mashahidi imefunguliwa. Tuwaombee wafike altareni.

Pu alikuwa akiendesha gari, akasikia jina la Taing Kok. Akauliza tunasema nini. Tulimwambia. Hakujibu, ila baada ya muda alisema kwamba alikuwa na miaka minane wakati ule, na kwamba jamaa yake ilipelekwa huku huku Pursat.

Saa sita tulikula katika banda la njiani: wali, mboga, na prahok. Prahok ni samaki wadogo waliopondwa, wakatiwa chumvi na kuachwa wiki nyingi au miezi mpaka wanyong'onyee kabisa. Harufu yake hufika mezani kabla ya sahani. Padri aliinusa akakumbuka ghafula kwamba alikuwa ameshiba. Mwalimu alikula, akaongeza. Pu alifurahi sana na mwalimu.

Huko Kompong Luong gari linaishia pwani, kijiji chote kiko mbele ndani ya ziwa. Tulipanda mashua ya mota. Mara hii si vijumba mtoni tu, ni mji: kiko kituo cha petroli kinachoelea, kiwanda cha barafu kinachoelea, shule, maduka ya simu, mahali pa kunyolewa nywele, na kati ya hayo yote, msalaba juu ya paa la bati. Pu aliuonyesha kwa kidevu. Mwenye mashua alizima mota, tukasogea polepole mpaka mbao zikagusana.

Tulidhani Pu atashuka nasi. Alisema, "Nendeni. Mimi ninalinda vitu." Vitu vyenyewe vilikuwa chungu kimoja na mkoba wa mkate. Lakini hatukuweza kusema na mtu pasipo yeye, na mama mzee alikuwa amekwisha kutokea mlangoni akatuungia viganja vyake. Basi Pu alipanda, akavua viatu, akasimama karibu na mlango, nusu ndani nusu nje.

Kanisa lilikuwa la mbao, safi, lenye mikeka sakafuni mahali pa viti. Ukipiga goti unasikia chini ya goti lako maji yanapita. Pembeni palikuwa na ubao wa shule, kwa sababu watoto hufundishwa humo kusoma Kikhmer siku za kazi. Picha ya Bikira Maria ilikuwa imevaa nguo ndefu ya Kivietnam. Tulimweleza mama mzee, kwa kinywa cha Pu, sisi ni nani na tumetoka wapi. Neno Kongo halikumwambia kitu. Neno padri lilimwambia. Alituma mtoto mara moja, na muda si mrefu mitumbwi mitano au sita ilifungwa kwenye kibaraza.

Padri mwenyeji hakuwapo siku hiyo, wala hatukuwa na ruhusa wala vyombo vya kusoma Misa, tukashika rozari. Hapo tuliona jambo ambalo tumelifikiri mara nyingi tangu siku ile. Mama mzee alianza kwa Kivietnam. Watoto wakajibu kwa Kikhmer. Maaskofu wa Kambodia wametaka sala za kanisani ziwe kwa Kikhmer, ili Eklezia isionekane kuwa kitu cha wageni, na wana sababu nzuri, nchi hiyo ikiwa ilivyo. Lakini mtu aliyejifunza Salamu Maria katika lugha ya mama yake haibadilishi kama shati. Kikumi cha tatu tulisali sisi kwa Kiswahili, na watoto walishikwa na kicheko mpaka mama mzee akawakazia macho. Pale mlangoni Pu hakusali. Aliinamisha kichwa kama afanyavyo mtu mwenye adabu kwenye matanga ya jirani.

Baada ya sala tulimwuliza mama mzee maswali, na hapa ndipo tulipokosea. Tulimwuliza: "Kwenu ni wapi?" Kwetu ni swali la salamu. Pu alisita kidogo kabla ya kulitafsiri. Mama mzee akatazama chini, akaingia katika chumba cha nyuma, akarudi na mfuko mdogo wa plastiki. Ndani mlikuwa na rozari ya pili, iliyokatika, na kadi. Alitupa kadi tuione, kwa mikono miwili, kama tulivyokuwa askari wa mpaka.

Ilikuwa kadi ya mgeni. Wakati ule serikali iliwauzia watu hawa kwa riel 250,000, nayo ilikufa baada ya miaka miwili, wanunue nyingine. Mama mzee alisema kwa muda mrefu. Alisema pasipo kulia, akihesabu kwa vidole. Pu alisikiliza mpaka mwisho, kisha alitafsiri hivi: "Anasema amezaliwa hapa, Pursat. Mama yake vilevile." Basi. Maneno ya dakika tano yakawa maneno saba.

Tulirudisha kadi tukiona haya. Wala hatukuuliza zaidi. Chai ililetwa, na kikombe cha kwanza mama mzee hakumpa padri. Alikwenda nacho mlangoni, akampa Pu. Pu alikipokea kwa mikono miwili, akamwita Yeay, yaani nyanya, neno lile la heshima ambalo huambiwa nyanya yeyote wa Kikhmer. Labda ilimtoka tu, kwa mazoea ya ulimi. Hata hivyo tulilisikia.

Ndipo chungu kilipoonekana. Mama mzee alikuwa amechungulia mashuani, akakiona, akauliza bei. Pu alijibu kwa sauti ndogo. Mama mzee alimtaka aseme tena. Alipoisikia riel 20,000, alicheka kicheko cha mtu aliyefungua kinywa chote, kinywa chenye meno matatu, akawaita jirani waliokuwa kwenye mitumbwi, nao wakacheka. Hatukuhitaji mtafsiri. Kumbe chungu kama hicho ni nusu ya bei hiyo, labda pungufu. Pu alianza kujitetea: kifuniko, wageni, asubuhi mapema. Kila neno lake liliongeza kicheko, na mwisho yeye mwenyewe alishindwa, akaketi juu ya mbao, akacheka mpaka akajifuta macho. Ikiwa alikuwa amepata kitu kidogo kwa yule mfinyanzi, tumemsamehe zamani.

Tuliondoka saa kumi. Jua lilikuwa chini na maji yalikuwa na rangi ya shaba. Mota ilipokuwa ikitupeleka pwani, Pu alikaa kimya akitupa kisogo. Halafu, pasipo kugeuka, alianza kutafsiri.

Alisema yule mama aliishi Kompong Luong pamoja na mumewe mpaka 1975. Khmer Rouge waliwafukuza kwa mitumbwi, wakashuka Tonle Sap, kisha Mekong, mpaka Vietnam, mahali ambapo hakuwa na mtu hata mmoja. Njiani mtoto wao wa kwanza alikufa kwa homa, wakamwacha ukingoni. Vyeti vyote vilipotea. Walirudi mwaka 1982, kwa sababu mumewe hakujua kuvua mahali pengine. Mwaka 1993, mwezi wa Machi, Khmer Rouge walipoua watu zaidi ya thelathini huko Chong Kneas, upande wa pili wa ziwa, walikimbia tena mpaka mpakani, na mumewe akafa huko huko, si kwa risasi, kwa uzee na kukaa kwenye maji mabaya. Akarudi peke yake na watoto. Sasa ni mgeni mwenye kadi.

Tulimwuliza Pu kwa nini hakuyasema kanisani. Alikawia kujibu. "Mtoto wake alikufa mwaka ule ule aliokufa dada yangu," alisema. "Dada alikuwa na miaka mitano. Hapa Pursat." Kisha akamwambia mwenye mashua jambo fulani juu ya mota, na mazungumzo yakawa ya mota mpaka pwani.

Katika gari alinyamaza, nasi tulinyamaza. Kufika Krakor alinunua prahok gudulia zima kwa ajili ya mkewe, na harufu ikasafiri nasi mpaka Phnom Penh.

Tangu siku ile tumefuata habari za nchi hiyo kadiri tulivyoweza. Tarehe 16 Novemba 2018, mahakama iliyoundwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa ilihukumu wakubwa wawili wa Khmer Rouge waliokuwa hai bado, na kati ya makosa yao iliandikwa kuangamiza Wavietnam wa Kambodia. Katika mwaka ule ule wa hukumu, huko Kampong Chhnang, jamaa nyingi za nyumba zinazoelea ziliamriwa kutoka majini na kupelekwa nchi kavu. Sababu iliyotolewa ilikuwa uchafu wa mto na uzuri wa mji. Kijiji tulichopita asubuhi ile, cha mtoto na karai lake, hakikukaa kama tulivyokiona. Mwezi wa Juni 2021 watu wa nyumba za majini Phnom Penh walipewa juma moja waondoke. Nyumba iliyotengenezwa kuelea haivutwi vizuri juu ya udongo, na mvuvi aliyepewa kipande cha nchi kavu mbali na maji amepewa kitu asichojua kukitumia, tena kwa kadi yake ya mgeni haruhusiwi kukimiliki. Hatusemi kwamba mto haukuwa mchafu. Ulikuwa mchafu, tuliuona.

Pu alituandikia mara moja, mwisho wa mwaka 2019. Alisema mwaka huo maji yalichelewa sana kugeuka, samaki ni wachache, na watu wanalaumu mvua na mabwawa ya Mekong. Katika barua nzima jina la Yuon halikuwamo. Alisema pia kwamba alipeleka wageni wengine Kompong Luong, na Yeay alimwuliza kama chungu kilifika Kongo salama.

Chungu kilifika na ufa, kutoka mdomoni mpaka katikati. Hatujui ni uwanja gani wa ndege uliokipasua. Mama yake mwalimu anawekea maharagwe makavu ndani yake. Tulimjibu Pu ya kwamba kilifika, jambo ambalo ni kweli. Habari ya ufa hatukuiandika.